Bibi Ndani ya GB 6.6

Mdogo wangu alimrekodi bibi yetu kwa simu, dakika 52, akisimulia ukoo ulivyosambaa. Picha haina la ajabu: bibi kakaa kitini, nyuma yake pazia. Faili ikaja na uzito wa GB 6.6, na ndugu waliotaka kusikiliza ni watu wa bando la MB 500. Basi sauti itoke, pazia libaki.

Kijana alikuwa ameshajaribu mara mbili. Kwanza alifuta .mp4 kwenye jina la faili akaandika .mp3. Ikacheza, maana programu nyingi hutazama kilichomo, si jina, lakini uzito ukabaki uleule. Kisha akashusha programu ya kugeuza video kuwa MP3, akachagua kbps 320, namba kubwa kuliko zote, "ili ubora usipotee." Ikatoka MB 125.

Hapo ndipo penye kosa, na wengi tunalifanya.

MP4 si sauti wala picha. Ni chombo tu. Ndani yake mna mikondo miwili, kila mmoja umebanwa kivyake. Nilimchungulia bibi kwa ffprobe, inayokuja na FFmpeg, mradi wa bure wa kuchakata video na sauti ulioanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Mstari wa sauti ulisomeka hivi:

Audio: aac (LC), 48000 Hz, stereo, 128 kb/s

Kumbe simu yenyewe ilishaibana sauti kwa AAC, biti 128,000 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,120, gawanya kwa 8, unapata MB 50. Yaani bibi hafiki hata asilimia 1 ya faili. Zilizobaki zote ni pazia.

AAC, kama MP3, hubana kwa kutupa. Hukadiria kile ambacho sikio halitakinasa, mfano mlio hafifu uliofunikwa na mlio mkubwa wa masafa ya jirani, ikakiacha. Kilichoachwa hakirudi. Aliyewahi kukuna nazi anaelewa: kasimile hukamuliwa mara moja. Ukiyarudia machicha kwa maji mengi utajaza sufuria, lakini ule uzito wa tui hauupati. Hizo kbps 320 zilikuwa maji. MP3 ilifungua sauti iliyokwisha kubanwa, ikaibana upya kwa makadirio yake, ikatupa tena kidogo, na faili ikanenepa mara mbili na nusu.

Amri iliyotakiwa ni hii:

ffmpeg -i bibi.mp4 -vn -c:a copy bibi.m4a

Hiyo -vn huacha picha. Copy huagiza sauti ihamishwe kama ilivyo. Hakuna kinachokokotolewa upya, ndiyo maana kazi iliisha kabla sijainua kikombe. MB 50, biti kwa biti zilezile za simu. Ukiandika .mp3 mwishoni badala ya .m4a, FFmpeg itagoma, na ina haki: AAC haikai kwenye faili ya MP3.

Niseme kweli, nilivaa spika za masikioni nikailinganisha m4a na ile MP3 ya mdogo wangu, na kwa mazungumzo ya mtu mmoja sikusikia tofauti. Hasara huonekana baadaye, pale mwingine anapoichukua hiyo MP3, akaikata, akaihifadhi tena, akaituma kwa mwenzake naye akafanya vilevile. MP3 bado ina wateja wake, kama redio ya gari isiyojua kingine; kwa huyo, geuza mara moja, tena kutoka kwenye m4a.

Kwa ndugu wa bando nilitengeneza nakala nyepesi kwa Opus, kodeki ya mwaka 2012 inayobeba pia sauti tunazorekodi WhatsApp: chaneli moja, kbps 32. Ikatoka MB 12 na nusu. Nakala ya m4a nimeiweka kwenye diski mbili, na video mdogo wangu ameniomba nisiifute, kwa sababu kwenye dakika ya 40 bibi anaonyesha kwa mkono nyumba ilipokuwa.