Alma Thomas hakuchelewa

Stori ya Alma Thomas inapendwa sana, na inasimuliwa vibaya. Ati mwalimu mstaafu alishika brashi uzeeni, akawa nyota akiwa na miaka 80, kwa hivyo wewe tulia, wakati wako utafika. Ni stori tamu kwa yeyote anayeogopa kufikisha 30 akiwa mikono mitupu. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo utamu wake naujua. Lakini haimtendei haki mchoraji huyu.

Angalia miaka yenyewe. Alizaliwa 1891 huko Columbus, Georgia, mji ambao maktaba yake haikuwa ya watu Weusi. Familia ikahamia Washington mwaka wa 1907. Mwaka wa 1924 akawa mtu wa kwanza kuhitimu katika idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Howard. Kisha akafundisha sanaa shuleni miaka 35, hadi 1960, na bado miaka ya hamsini alikuwa akienda madarasa ya uchoraji jioni na wikendi.

Sasa, aliyechelewa ni nani? Makumbusho ya Whitney, New York, yalimpa maonyesho ya peke yake mwaka wa 1972. Hakuna mwanamke Mweusi aliyekuwa amepewa nafasi hiyo pale kabla yake. Tukisema yeye ndiye alichelewa, tunamlaumu aliyebisha hodi na kuusamehe mlango.

Tuje kwa picha. Resurrection, ya 1966, ni mraba wa kama sentimita 91 kila upande: miduara ndani ya miduara, yote ya vipande vifupi vya rangi. Kwenye simu inaweza kuonekana kama pambo tu. Ikuze kwa vidole, bana. Vipande havilingani, nafasi kati yao zinapumua, na unaona kabisa kwamba kila kimoja kiliwekwa kwa mkono. Mkono huo tayari ulikuwa unasumbuliwa na baridi yabisi.

Kuna lawama moja ambayo si ya kupuuza: watu Weusi wa Marekani walikuwa wanapigania haki, yeye anachora maua. Ukweli ni kwamba alishiriki maandamano ya Washington ya 1963, na aliyachora pia. Ila baadaye alichagua bustani, anga na safari za mwezini. Zingine za miduara hazinigusi. Zimetulia kupita kiasi. Lakini Red Azaleas Singing and Dancing Rock and Roll Music, ya 1976, inanyamazisha lawama hiyo kwangu. Turubai tatu, karibu mita nne kwa upana, vipande vyekundu vikicheza juu ya weupe. Hapo maua hayajifichi popote. Mtoto aliyefungiwa maktaba anachukua ukuta mzima kwa ajili ya furaha yake, wala haombi ruhusa.

Alifariki 1978. Mwaka wa 2015 Resurrection ilitundikwa Ikulu ya Marekani, kazi ya kwanza ya mwanamke Mweusi kuingia katika hazina ya pale. Miaka 37 baada ya kifo chake, mlango mwingine ukafunguka. Kwa hivyo ukikutana tena na posti inayomtumia kukwambia hujachelewa, kumbuka yeye alikuwa kazini muda wote huo.