Ufundi wa Kumrudia Mgonjwa

Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth, magharibi mwa Australia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wanaowataja husimulia zaidi kioja cha mwaka 1984, Marshall alipokunywa mchuzi uliojaa bakteria ili aone kama tumbo lake zima litaugua. Likaugua kweli. Kisa kitamu, sikikatai, lakini kazi yao ninayoirudia kila mara haina kioja chochote. Ni ripoti fupi iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 1988, nayo inahusu wagonjwa 100 wenye vidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni. Wote walikuwa pia na bakteria ambao leo wanaitwa Helicobacter pylori.

Wagonjwa hao walitibiwa kwa wiki nane. Wengine walipata simetidini, dawa ya kupunguza asidi iliyotamba zama hizo, na wengine bismathi. Juu ya dawa hizo, katika siku 10 za mwanzo, wengine waliongezewa tinidazoli ya kuua bakteria na wengine kidonge bandia, pasipo mgonjwa wala daktari wake kujua nani anameza kipi. Kila mmoja alipitishwa kamera ya tumbo kabla ya kuanza, akakatwa vipande vidogo vya nyama ya ndani ili vipimwe, kisha akarudiwa wiki ya 10, ya 22, ya 34 na ya 62. Maumivu yakirudi katikati, kamera iliingia tena.

Soma hiyo wiki ya 62 polepole. Kwa hesabu ya kalenda, ni mwaka mmoja na zaidi ya miezi miwili. Mtu amekwisha pona, anakula anachotaka, halali tena akiwa ameshika tumbo, halafu anaombwa aje ameze tena mpira mrefu wenye kamera. Hana faida kubwa ya kwenda. Kumshawishi mtu huyo aje, naye akaja, ndiko kunakonivutia katika kazi hii, kuliko hata yule bakteria mwenyewe.

Maana bila wiki ya 62 tusingejua kitu cha maana. Bakteria walipoondoka, vidonda vilipona kwa asilimia 92 ya wagonjwa; walipobaki, vilipona kwa asilimia 61. Tofauti ipo, lakini daktari wa siku zile angeweza kusema kwamba hata aliyebaki na bakteria ana nafasi nzuri ya kupona, basi tuendelee na dawa za asidi. Vidonda vya tumbo tabia yake ni kupona na kurudi, kupona na kurudi, na dawa za asidi zilikuwa zikinunuliwa miaka nenda miaka rudi kwa sababu hiyo hiyo. Swali lenye uzito lilikuwa: vitarudi? Miezi 12 baada ya kipimo cha wiki ya 10, jibu likapatikana. Kwa waliobaki na bakteria, vidonda vilirudi kwa asilimia 84. Kwa walioondokewa nao, asilimia 21. Mwaka 1993 watafiti wa Vienna, Austria, wakalipima jambo hilo hilo upya kwa wagonjwa 104 wakitumia dawa nyingine. Wao walipata asilimia 86 kwa waliopewa dawa bandia, na 8 kwa waliopewa viuavijasumu.

(Na bado huku kwetu mwenye vidonda vya tumbo huambiwa apunguze mawazo, aache pilipili na maharage, anywe maziwa. Kipimo cha bakteria anakisikia mwishoni, akikisikia.)

Upande wa figo, ufundi huo wa kumrudia mgonjwa ulihitaji ujanja zaidi. Figo zikichoka, wakati gani mgonjwa aanze kusafishwa damu? Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kuwahi ni bora, kwa kuwa walioanza mapema walionekana kuishi muda mrefu zaidi. Lakini tazama hesabu ilivyofanywa: siku zilihesabiwa tangu kuanza kusafishwa damu. Wawili wenye ugonjwa ule ule wakifa siku moja, na mmoja alitangulia kuanza kwa miezi sita, huyo ataandikiwa miezi sita zaidi ya uhai. Hakuongezewa hata siku moja. Saa yake ilianza kuhesabu mapema, basi.

Watafiti wa Australia na New Zealand waliutegua mtego huo katika utafiti ulioitwa IDEAL, ulioanza mwaka 2000 na kutoa majibu mwaka 2010. Wagonjwa 828 walipigiwa kura. Kundi moja lianze figo zikichuja mililita 10 hadi 14 kwa dakika, jingine lingoje mpaka zifike kati ya 5 na 7. Saa ya kila mmoja ilianza siku ya kura. Hapa hakukuwa na namna ya kuficha, kwani mtu anajua kama anasafishwa damu au la, kwa hiyo wakachagua tokeo ambalo maoni ya daktari hayawezi kulipinda: kifo.

Kisha wagonjwa wakafanya kama binadamu. Wengi waliopangiwa kungoja, kama robo tatu yao, walianza kabla ya kufika kiwango kilichowekwa, kwa kuwa dalili ziliwazidi. Mtafiti asiye na subira angewahamishia kundi la kwanza, au angewafuta. Watafiti hawa waliwaacha pale kura ilipowaweka na kuwahesabu hapo hapo hadi mwisho. Napenda sana unyofu huo, kwa sababu unakera. Unaharibu uzuri wa jedwali, na ndio unaolifanya liaminike.

Baada ya kufuatwa kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu, kundi la kuwahi lilikuwa limepoteza watu 152 kati ya 404, yaani asilimia 37.6. Kundi la kungoja lilipoteza 155 kati ya 424, asilimia 36.6. Hakuna tofauti ya kuzungumzia, ilhali waliongoja walikaa takriban nusu mwaka zaidi bila mashine wala mipira. Kwa mgonjwa wa Mwanza au Mombasa, ambaye kila kikao ni nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea, nusu mwaka ni kitu kikubwa. Ila waliongoja hawakuachwa nyumbani. Walikuwa chini ya uangalizi wa karibu, na dalili zilipokuja hawakucheleweshwa.

Majina yanayokaa juu ya ripoti hizi ni ya madaktari. Kazi ya wiki ya 62 ni ya muuguzi anayepiga simu mara ya nne kwa mtu aliyehama mtaa, na ya karani anayekataa kuacha kisanduku kitupu kwenye fomu. Nao hawamfikii asiyetaka kufikiwa. Kwa hiyo ukiwahi kuingia katika utafiti wa namna hii, ukapona, na simu ikaita ukiwa na shughuli zako, pokea. Nenda ukapimwe.