Soko la Kariakoo na Kivuli cha Mti

Jengo la umma ni kazi ya sanaa kama ulivyo utenzi, nalo lastahili kuhakikiwa. Lakini hatutosheki kulitazama umbo lake tu. Twapaswa kuuliza pia kama watu waliokusudiwa walikuwa na sauti katika kulipanga.

Ukitoka Mchafukoge kwenda Kariakoo wapita Mnazi Mmoja. Uwanja huo uliachwa wazi na wapangaji wa mji wa zama za Waingereza ili kuyatenga makazi ya Wahindi na ya Waafrika. Ardhi ilipimwa barabara, wakazi hawakuulizwa.

Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikuwa jibu la taifa huru. Msanifu wake, Mtanzania Beda Amuli, hakuiga jumba la Ulaya. Aliitazama desturi yetu ya kuuziana chini ya mti, akasimamisha nguzo za zege zilizotanua paa mithili ya miavuli. Hapo utamaduni wetu haukuwa pambo la ukutani, bali ndio uliolibeba jengo.

Hata hivyo, sifa hiyo ina mpaka wake. Mti hauna mlango wala kodi ya pango. Ajaye na mafungu yake ya mchicha hukaa. Jengo lina vizimba vyenye idadi. Aliyekosa kizimba alitandika bidhaa zake barabarani, na mji ukamwita machinga. Msanifu alifaulu kukijenga kivuli cha mti. Ukarimu wa mti ulikuwa juu ya wenye kugawa nafasi.

Hoja hii haijapitwa na wakati. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza soko hilo, na Serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake. Oktoba mwaka huohuo wamachinga waliondolewa barabarani. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kufundisha kwamba wataalamu na viongozi ndio watekeleze mipango iliyokubaliwa na wananchi, wala si wananchi kuhimizwa kutekeleza mipango ya wachache. Hicho ndicho kipimo chetu, wala si wingi wa ghorofa.

Basi mwanafunzi atakayekuwa mhandisi au mchumi kesho aulize kabla ya msingi kuchimbwa: nani atakaa wapi, atalipa nini, na nani ataondoka? Majibu hayamo katika ramani. Anayo muuza mchicha. Kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.