Mlango wa Lamu Umechoka

Mlango wa Lamu umechoka. Nimeukuta kwenye menyu ya mkahawa, kwenye jalada la kitabu, kwenye fulana, na juzi kwenye bango la shoo ya vichekesho ambayo haikuwa na uhusiano wowote na Pwani. Ukimuuliza aliyechora, jibu ni lile lile: "Nilipata msukumo." Sawa. Msukumo wa kufanya nini?

Sina shida na kukopa. Kila mbunifu hukopa. Shida yangu ni vile tunabeba sura ya kitu na kuiacha sababu yake pale pale tulipokiona.

Chukua nyumba za mawe za Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na si eti fundi alipenda korido. Dari hubebwa na boriti za mikoko, kwa hivyo urefu wa mti ndio uliamua upana wa chumba. Fundi aliukubali mpaka huo, kisha akatafuta nafasi kwingine. Ukutani akajenga zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo na vitu vya thamani, bila kula sakafu hata kidogo. Sasa wewe unayeishi bedsita Roysambu, ambako kitanda, meko na viatu vinasukumana, niambie: kipi kingekufaa zaidi, nakshi ya mlango iliyochapwa kwenye mto wa kochi, ama wazo la kidaka?

Kiti cha enzi pia tunakisoma nusu. Watu huona mpingo na vipande vya pembe, wanasema "kifalme." Mimi huangalia mgongo wake. Ni kamba zilizosukwa ndani ya fremu, na kwa joto la Pwani, mgongo unaopitisha hewa ni akili tupu. Tena tukumbuke kiti hicho kilikuwa cha wenye uwezo, katika jamii iliyokuwa na watumwa. Ukikibandika kwenye nembo bila kuwaza hayo, umekopa majivuno ya mtu na kuacha ujuzi wa fundi.

Maumbile nayo tunayafanyia hivyo hivyo. Tunachora jani, tunapaka kijani, basi, tumekuwa watu wa asili. Linganisha na Eastgate Centre ya Harare, iliyofunguliwa mwaka 1996. Mbunifu wake, Mick Pearce, aliangalia vichuguu vya mchwa, lakini hakujenga kichuguu. Alijiuliza jengo linawezaje kupoa bila kiyoyozi cha kawaida. Hewa baridi ya usiku hupitishwa ndani na kupoza zege, na mchana zege hilo huwasaidia waliomo. Baadaye watafiti walionyesha kwamba vichuguu havifanyi kazi jinsi ilivyodhaniwa wakati ule. Jengo bado linapoa. Swali lilikuwa zuri hata kama mchwa alieleweka vibaya. Sisi huku Nairobi tunajenga mnara wa vioo, jua likipiga tunafunga mapazia, tunawasha taa saa sita mchana.

Halafu kuna shoo. Wabunifu wengi wakienda kwenye ngoma hurudi na rangi za mavazi tu. Sikiliza isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma zake ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Hazigombanii nafasi moja. Kila moja ina sauti yake, na mwili wa mchezaji unajua ufuate nini. Kisha tazama mabango yetu ya matamasha: jina la msanii linapiga kelele, tarehe inapiga kelele, nembo kumi za wadhamini nazo zinapiga kelele. Unamaliza kulisoma na hujui shoo ni ya lini. Somo la mpangilio lilikuwa pale uwanjani, likipigwa kwa fimbo na viganja, na tukalipita tukipiga picha za shanga.

Nakshi inaruhusiwa. Mlango wa Lamu ni mzuri, na urembo peke yake ni kazi halali. Ila ukiniambia kazi yako imetoka kwa kiti, jengo, mdudu ama ngoma fulani, nitakuuliza vitu viwili. Kile ulichokiona kilikuwa kinamsaidia nani, na kwa njia gani? Na hiki chako?