Nakala rudufu zinazofunguka kama folda

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alifuta folda ya kanzidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Alipowahi kuisimamisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5. Timu ikakimbilia nakala rudufu, na hifadhi ya mbali ikakutwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2 ilhali kanzidata yenyewe ilikuwa 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa inashindikana kila ilipoanza, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zinakataliwa kabla hazijamfikia mtu. Walichookoa kilitoka kwenye nakala ya diski ambayo mtu aliichukua kwa mkono takriban muda wa saa sita kabla ya ajali. Kilichoandikwa katika muda huo kilipotea. GitLab wenyewe waliyaeleza haya yote hadharani, na wanastahili heshima kwa hilo.

Mimi huisoma habari hiyo kama habari ya mlango usiofunguliwa. Folda tupu huonekana kwa jicho. Anayeichungulia mara moja tu anaijua. Lakini kwa miaka mingi kuchungulia nakala rudufu kumekuwa kazi ya gharama. Faili kubwa la tar lililobanwa na kufungwa kwa nywila halikuruhusu utazame kona moja tu. Ulilazimika kulishusha lote, kulifungua lote, na kutafuta nafasi ya diski ya kulimwagia, hata kama shida yako ilikuwa barua moja ya mwezi uliopita. Watu wakaacha kutazama.

Programu mbili za nakala rudufu, Borg, iliyochipuka mwaka 2015 kutoka mradi wa Attic, na Restic, iliyoanzishwa na Alexander Neumann, zimeiondoa gharama hiyo. Kila moja ina amri ya `mount`, inayolipachika ghala zima la nakala kwenye kompyuta likaonekana kama folda ya kawaida ya kusomwa tu. Unaingia, unaangalia tarehe, unafungua faili, unalinakili. Inafaa kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, maana siri yake imo katika namna nakala zinavyohifadhiwa, hata kabla hujafikiria kuzipachika.

Faili linapoingia ghalani hukatwa vipande, na mahali pa kukata huamuliwa na yaliyomo ndani ya faili lenyewe. Restic hukata vipande vya kati ya kibibaiti 512 na mebibaiti 8, wastani ukiwa mebibaiti 1 hivi. Borg hulenga karibu mebibaiti 2. Kila kipande hupewa utambulisho unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kipande ambacho ghala tayari linacho hakiandikwi tena. Ukiongeza aya mwanzoni mwa ripoti ndefu, vipande vya mbele hubadilika, na vya nyuma hubaki vilevile kwa sababu mipaka yake haikuhesabiwa kwa umbali kutoka mwanzo wa faili.

Kwa hiyo nakala ya leo na ya mwaka jana, zote mbili, ni orodha kamili za mafaili zinazoelekeza kwenye vipande vinavyotumiwa kwa pamoja. Hakuna mnyororo wa mabadiliko ya kila siku unaopaswa kurudiwa kuanzia Januari ili kuifikia Machi. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Siku yoyote inafikika moja kwa moja, na faili lolote la siku hiyo linafikika bila kuyagusa mengine.

Upande wa pili wa kazi unafanywa na FUSE, iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux toleo 2.6.14 mwaka 2005. Kupitia FUSE, programu ya kawaida inaweza kujibu maswali ambayo zamani yalijibiwa na kiini chenyewe: folda hii ina nini, faili hili lina ukubwa gani, nipe baiti kuanzia hapa mpaka pale. Ukifungua picha iliyomo ghalani, kiini huiuliza Restic. Restic husoma orodha, hujua ni kipande kipi kinachotakiwa, hukileta, hukifungua kwa ufunguo wako, hukihakiki, kisha hutoa baiti zilizoombwa. Ufunguzi huo hufanyika kwenye mashine yako. Seva inayokutunzia ghala haioni picha. Nayo programu ya kutazamia picha haijui kwamba inasoma nakala rudufu.

Amri yenyewe ni fupi: `restic -r /srv/ghala mount /mnt/nakala`. Ndani ya `/mnt/nakala` utakuta folda ya `snapshots` yenye nakala zilizopangwa kwa tarehe na saa, pamoja na `latest`, na njia nyingine za kuzifikia kwa jina la mashine au kwa lebo. Borg ina chaguo ninalolipenda zaidi, `-o versions`. Hilo huunganisha nakala zote kuwa mti mmoja, na kila faili linageuka kuwa folda yenye matoleo yake yote. Mhasibu akisema jedwali la mishahara limeharibika lakini hajui lini, huhitaji kubahatisha tarehe. Unayapanga matoleo, unayalinganisha, na siku ya uharibifu inajionyesha.

Wazo lenyewe si geni. Katika Plan 9, mfumo uliotengenezwa Bell Labs, nakala ya kila siku ilionekana kama mti wa folda uliopangwa kwa tarehe, na kulikuwa na amri ya `yesterday` ya kulipata faili kama lilivyokuwa jana. Mwaka 2002 Sean Quinlan na Sean Dorward walieleza Venti, hifadhi iliyotambua data kwa alama ya yaliyomo. Tunachokitumia leo kwa kiasi kikubwa ni mawazo hayo mawili yaliyokutana.

Seva nzima ikifa, hata hivyo, usiirejeshe kwa njia hii. Mwongozo wa Restic wenyewe unashauri `restic restore` kwa mafaili mengi, kwa kuwa mara nyingi ni ya kasi zaidi. Kwenye ghala lililopachikwa kila ombi husafiri peke yake, na kama ghala liko Ulaya nawe uko Dodoma, kila ombi huvuka bahari. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pwani ya Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania na Kenya ilidhoofika kwa siku kadhaa. Weka ghala moja karibu nawe, hata kama lingine liko mbali.

Usilisahau ghala likiwa limepachikwa, vilevile. Restic hushikilia kufuli wakati huo, na usafishaji wa nakala za zamani kwa `prune` hautaendelea mpaka ulibandue. Na kwa kanzidata, kuliona faili lina ukubwa unaotarajiwa hakutoshi. Lirejeshe kwenye seva ya majaribio uone kama linafunguka na kujibu maswali.

Kwa yaliyobaki, chombo hiki kimeondoa kisingizio cha mwisho cha kutotazama. Mteue mtu katika ofisi yako, asiwe yule anayeendesha nakala zenyewe. Kila wiki apachike ghala, achague faili la miezi mitatu iliyopita, alifungue, alisome, kisha abandue na kuandika alichokiona.