Hongera, wasaidizi wa zamu

Uingereza, kazi ya kumsaidia mtu mzima mwenye ulemavu wa akili inawapa riziki Wakenya na Watanzania wengi, na huku nyumbani tunaibeza eti ni "kuosha wazee". Kuogesha kupo, ndiyo, lakini ugumu wenyewe uko kwenye kujizuia. Mwangalie msaidizi jikoni asubuhi: bwana wa miaka 50 anajaza birika, anamwaga, anasahau majani, anaanza upya. Msaidizi angeipika chai hiyo mara moja. Hagusi kitu, amesimama mikono nyuma, macho kwenye maji ya moto tu.

Sheria iko upande wa mwenye chai. Ile ya mwaka 2005 ya England na Wales, kuhusu uwezo wa kuamua, inasema mtu asihesabiwe hawezi kuamua kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara. Akitaka kumalizia posho kwenye soda, anashauriwa, hanyang'anywi pochi. Wazazi wangapi tunaweza hivyo? Bado kuna daftari la zamu, dawa za kutilia sahihi, kifafa cha usiku wa manane. Na mshahara mdogo, jambo la aibu kabisa. Hongereni sana, hasa nyinyi wa zamu ya usiku.