Hiace Iliyotumika kwa Njia ya Mitundu: Soma Joto, Acha Kilomita

Wanunuzi wengi wa Hiace iliyotumika huanza na mambo mawili: herufi za namba ya usajili na kilomita za kwenye dashibodi. Namba E huonekana bora kuliko namba D, na namba C hushushwa bei hata kabla kiti cha mbele hakijainuliwa injini ikaonekana. Mambo haya hayasemi mengi. Herufi zinaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Kenya hukataa gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea na kulitoza ushuru wa uchakavu, kwa hiyo Hiace ya mwaka 2005 inaweza kufungwa namba mpya kabisa. Kilomita nazo hurudishwa nyuma bila shida. Kwa anayetaka gari la kupakia abiria, asali na mahindi kati ya Itigi na Mitundu, vipimo vya kweli ni viwili: je, injini hii imewahi kuchemsha? Na ikiugua, inatibika wapi?

Joto natangulia kulitaja kwa sababu ya umbile la gari lenyewe. Injini ya Hiace imelala chini ya viti vya mbele, mahali finyu pasipopata upepo wa kutosha, na njia ya Mitundu ina vumbi kiangazi na tope kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili. Vumbi likiziba mapezi ya rejeta, au dereva akipanda na mzigo kwa gea ndogo muda mrefu, mshale wa joto hupanda. Injini ikichemsha sawasawa hata mara moja, silinda hedi hupinda, gasketi huanza kupitisha, na kuanzia hapo kila safari hula maji. Injini ya 1KZ inafahamika kwa hedi kupasuka ikipata joto kali. Kwa upande mwingine, 3L au 5L iliyotembea sana bila kuchemsha huendelea kufanya kazi, ingawa ni nzito kupanda mlima. Kilomita huchakaza injini polepole na kwa dalili. Joto huiharibu kwa siku moja, na muuzaji anaweza kulificha kwa wiki kadhaa.

Kulifichua kunataka injini baridi. Fika asubuhi na uiguse kwa kiganja kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imepashwa ili iwake vizuri mbele yako. Fungua mfuniko wa rejeta ingali baridi, kamwe si ikiwa moto, utazame maji: kutu na utando wa oili ni habari mbaya. Vuta kijiti cha oili na uchungulie mfuniko wa kujazia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Kisha iwashwe, nawe ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa ndani ya dakika moja, maji yakiwa bado baridi, kinachousukuma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi. Angalia pia kama thamostati ipo. Mafundi wengi huitoa gari linapochemsha, na injini isiyo nayo huchelewa kupata joto na mshale wake hubaki chini barabarani. Muuzaji atakwambia gari lake lina ubaridi mzuri. Wewe uliza kwa nini thamostati ilitolewa. Mwisho, panda mlima na mzigo. Anayenunulia Dodoma ana mlima wa Saranda njiani kabla ya Manyoni, na mlima huo unasema kuliko mzunguko wa dakika kumi mjini.

Tope la masika huwavuta wengi kwenye Hiace ya 4WD, na hapo pana mtego. Huko Japani gari za namna hiyo hupendwa zaidi maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hula chesisi, na hula pia mabomba ya hita ya nyuma yanayopita chini ya sakafu yakiwa na maji ya injini. Bomba likitoboka, maji hukauka pasipo dereva kujua, na tunarudi kwenye kuchemsha. Kwa hiyo lala chini ya gari na tochi, ugonge chesisi kwa bisibisi. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi kwenye chuma cha zamani ni sababu ya kugonga kwa nguvu zaidi.

Kuhusu kipimo cha pili, yaani inatibika wapi, kuna watakaosema bora injini mpya za 1KD, kwani zina nguvu na hubana mafuta. Ni kweli, na kwa anayekimbia Dodoma na Singida kwenye lami ningemshauri hivyo hivyo. Lakini nozeli zake hufanya kazi kwa presha kubwa na hazivumilii maji wala uchafu, ilhali dizeli ya vijijini mara nyingi hutoka kwenye dumu. Zikigoma, zinahitaji mashine ya kupimia ambayo gereji ya kando ya njia haina. Wengine watasema fundi hakosi njia, kila kitu hufunguka. Naam, lakini gharama ya ubovu njiani si spea peke yake: ni abiria wa kurudishiwa nauli, gari la kuvuta, na siku ambazo Hiace imelala huku mkopo unadai. Muuzaji naye anaweza kukataa kukuachia gari lipoe usiku kucha, tena kwa haki, maana lina kazi. Basi rudi alfajiri kabla halijatoka. Akikataa na hilo, bei yake isikushawishi.

Ukipata Hiace mbili, moja namba E yenye maji ya kutu na mpira mgumu, nyingine namba C yenye viti vilivyochanika, maji safi na chesisi nzima, chukua ya pili. Punguziwa bei kwa ajili ya viti, na fedha hiyo uitumie siku hiyo hiyo kusafisha rejeta, kuweka thamostati na kubadilisha mkanda wa taimingi, kabla hujapakia abiria wa kwanza.